Mwaka Tuliokataa Ripoti

Siku tulipomzika Maman Afoyo, kwenye matanga kule Ngezi, mtaa wa Bunia, wasemaji walipokezana maikrofoni wakimsifu kwa upole. Katekista alisema hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Shemeji yake akasema alikuwa mwanamke wa kunyamaza. Mama mmoja wa chama cha kanisa akasema, "Maman huyu hakubishana na mutu hata siku moja," na watu waliokaa chini ya hema wakaitikia kwa vichwa. Zamu yangu ilipofika, kwa kuwa nilikuwa nimeitwa kusema kama rafiki wa kazini, nilisema kwamba Maman Afoyo alibishana. Alibishana na mkubwa wake mbele ya watu, kwa sauti iliyosikika mpaka uani, na kwa ajili ya mabishano hayo kuna mama mmoja aliyerudi kwao Gety akiwa hai na mtoto wake mgongoni. Shemeji akatazama viatu vyake. Sikuomba msamaha, na hata sasa siombi. Nimeona wanawake wengi waliopigana vizuri wakizikwa kama watu waliokuwa wamelala maisha yao yote, na nimechoka kuitikia kwa kichwa. Baadaye Claudine, binti yake wa mwisho, alinifuata mlangoni na sahani ya wali na maharagi. "Tantine," akaniuliza, "alibishana na nani? Kwetu nyumbani hakutuambia." Nilimwambia kidogo tukiwa tumesimama, lakini jambo lenyewe ni refu, na ndiyo sababu naliandika hapa.

Mwaka wa mabishano hayo nilikuwa nimetoka masomoni na diplome ya informatique, mambo ya kompyuta, na hospitali ikanipa mkataba wa mwaka mmoja katika banki ya damu. Mradi fulani ulikuwa umeiletea hospitali kile tulichokiita base, yaani programu ya kutunza habari za watoa damu. Mtaalamu aliiweka ndani ya mashine, akatufundisha siku chache, akapanda ndege. Base ilikuwa na fomu, kila mtoaji na fomu yake kwenye kioo cha mashine: jina, mtaa, simu, na groupe, yaani kundi la damu. Ilikuwa pia na ripoti ya mwezi iliyotoka kwenye karatasi na mistari yake mizuri. Lakini habari zenyewe hazikukaa ndani ya base. Zilikaa kwenye feuille, yaani jedwali la Excel, ambayo Maman Afoyo, fundi wa labo, yaani maabara, alikuwa akiijaza kwenye mashine yake tangu zamani, kabla ya mradi wowote kufika. Base ilisoma feuille hiyo kwa njia ya kiungo. Kazi yangu ilikuwa kukilinda kiungo hicho kisikatike.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya labo, kirefu na chembamba. Friji ya damu iliunguruma upande mmoja, meza yangu ilikuwa upande mwingine, na katikati palikuwa na kitanda cha watoaji chenye ngozi iliyopasuka na kubandikwa plasta ya hospitali. Dirisha lilitazama uani, mahali ambapo familia za wagonjwa zilipikia, hivyo tuliandika majina ya watu huku tukinusa sombe ya wengine. Ukuta uliotutenga na ofisi ya administrateur-gestionnaire ulikuwa wa triplex, ile mbao nyembamba. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa mambo yote yasiyo ya dawa, na hospitali nzima ilimwita AG, hata wachungaji waliokuja kuombea wagonjwa. Akikohoa, tulijua. Akiongea kwa simu, tulijua zaidi. Saa sita Maman Afoyo alitandika kitambaa juu ya kiti na kufunua sahani zake. Alikuwa mtu wa Mahagi, na dada zake walimtumia samaki wa ziwani kila walipopata gari la kuja Bunia. Alikula na fufu, mikono yake ikinuka bado sabuni ya labo, na hakukubali nitazame mashine wakati wa chakula. "Kula kwanza," alikuwa akisema. "Mutu mwenye njaa anaona kosa penye haiko, na penye iko haione."

Makosa hayakukosekana. Feuille ilisafiri kutoka labo hadi kwangu ndani ya clé, kile kidude kidogo cha kubebea mafaili, na clé hiyo kila ilipochomekwa mahali tofauti mashine iliipa herufi nyingine, leo E, kesho F. Base ilikuwa imefundishwa E tu. Ikikuta F ilisema haioni kitu, na fomu zote zikafunguka na visanduku vitupu, kana kwamba Bunia nzima haikuwahi kutoa tone la damu. Nilitengeneza dossier moja, yaani folda, ndani ya mashine, nikaielekeza base huko, na kila asubuhi nikawa namimina humo feuille mpya kwa jina lile lile. Kosa hilo likafa. Halafu fomu zikakataa kuandikwa. Mtoaji amehama mtaa, nafuta mtaa wa zamani, base inalia na kukataa. Nilihangaika nayo juma zima kabla ya kuelewa kwamba feuille iliyounganishwa namna ile unaisoma tu kupitia base, huwezi kuiandika. Ukitaka kusahihisha unarudi kwenye feuille yenyewe, kwa mwenye feuille. Kwa hiyo nikawa naenda na kurudi kati ya meza yangu na labo, na katika kwenda na kurudi huko ndiko tulikozoeana, mimi na Maman Afoyo. Aliniuliza mambo ya mashine bila haya, nami nikamuuliza mambo ya damu bila haya. Leo ninapofundisha vijana katika ofisi yangu ndogo, jambo la kwanza ninalowauliza si amri gani wamejifunza. Nawauliza: kile unachokiona kwenye kioo kinatoka kwa nani?

Katikati ya mwaka tuliambiwa wafadhili wanakuja kutembelea banki. AG aliingia na kanzu yake nyeupe, ingawa hakuwa daktari, akaitazama feuille ya Maman Afoyo na kusema imekaa ovyo, majina yamechanganyika. Akaamuru ipangwe kwa groupe, wale wa damu moja wakae pamoja. Maman Afoyo akamjibu kwamba yeye aliipanga kwa siku za kutoa damu, na ndivyo labo inavyoihitaji. "Fanya vile nasema," AG akasema, akasimama pale mpaka ikapangwa. Wageni wakaja, wakatazama, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda.

Mwisho wa mwezi nilitoa ripoti. Ilitoka safi kuliko ripoti zote zilizotangulia. Groupe O ilikuwa na watu wake wote. A, hakuna. B, hakuna. AB, hakuna. Nilifikiri karatasi imekatika. Nikafungua fomu moja moja, na kwenye kila mtu asiye wa O, kisanduku cha groupe kilionyesha alama ya kosa badala ya herufi. Hapo nikaanza kufuatilia. Katika labo walikuwa wamezoea kuiandika groupe O kama sifuri, kama wengi walivyofundishwa shuleni. Zamani, majina yalipokuwa yamechanganyika, herufi zilikuwa nyingi kwenye mistari ya juu, na base ilielewa kwamba safu ile ni ya maneno. Lakini feuille ilipopangwa kwa groupe, sifuri zote zilipanda juu, maana hesabu, yaani namba, hutangulia herufi. Base hutazama mistari ya juu tu na kuamua. Ilipoona sifuri zimepangana, iliamua kwamba safu nzima ni ya hesabu, na kila ilipokutana na A au B iliiona kuwa uchafu. Na yule mtaalamu wetu, ili karatasi ipendeze, alikuwa ameiamuru ripoti iruke kila mstari wenye kosa. Kwa hiyo haikulalamika. Iliwafuta watu na kutabasamu.

Nilikwenda kwa AG na kumweleza. Alinisikiliza akiwa anasaini karatasi nyingine. "Rapport iko propre, iko safi," akasema. "Saini." Ripoti ya mwezi ilihitaji saini mbili, ya aliyeitayarisha na yake. Nikamwambia siwezi kusaini kwamba mji huu hauna mtoaji wa B, wakati mmoja wao alikuwa amekaa kwenye kitanda chetu asubuhi ile. Akaweka kalamu chini. "Ile base ililetwa na expert," akasema. "Weye uliletwa na nani? Usiguse kitu. Na usiposaini, nitaona mwisho wa mwaka." Nikatoka bila kusaini. Sitajifanya shujaa, niliogopa, lakini kalamu sikuigusa.

Siku chache baadaye, tukiwa tunakula, tulimsikia kupitia triplex. Alikuwa akimwambia mtu kwenye simu kwamba kundi la watoaji wa hiari halina faida tena, limebaki na groupe moja, mashine yenyewe imesema. Familia za wagonjwa zijitafutie damu. Chumba cha banki kingefaa kuwa cha kupokelea wagonjwa wa kulipa vizuri. Maman Afoyo aliacha kutafuna. Alinawa mikono, akakunja kitambaa chake, akasema polepole, "Basi iko ile. Anatafuta chumba." Kesho yake karatasi ilibandikwa kwenye mapokezi, na saini ya AG peke yake: mgonjwa wa A, B au AB aje na mtoaji wake.

Justine aliletwa kutoka Gety juma lile lile. Alikuwa amejifungua njiani, na damu haikukata. Mtoto alikuwa mzima, amefungwa ndani ya kitenge cha bibi mmoja waliyesafiri naye. Labo ilimpima Justine, akawa B. Kwenye friji hapakuwa na B, na mifuko ya O, ambayo ingemfaa, ilikuwa imekwisha, kwa sababu ya ajali ya lori kwenye barabara ya Iga Barrière, na watoaji wetu wa O walikuwa wametoa kwa ajili ya majeruhi hao, na mtu hawezi kutoa tena upesi namna hiyo. Mapokezi wakafungua fomu za base, wakatafuta B, hawakuona mtu, wakamwonyesha mume wake ile karatasi iliyobandikwa. Naye alikuwa A, damu isiyomfaa mkewe. Nilimwona kupitia dirisha letu, amesimama kati ya majiko ya watu, anawauliza wanawake wanaopika, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kama mtu anayeomba moto: "Maman, samahani, damu yako iko gani?" Hakumjua mtu yeyote Bunia.

Maman Afoyo alitoka nje akiwa na glavu mikononi. "Papa," akamwambia, "hapana zunguka tena. Ikala hapa." Kisha akarudi kwenye mashine yake. "Base iache," akaniambia. "Tufungue feuille yangu. Damu ya watu haikukimbia, iko mule." Tukaitafuta B kwenye feuille yenyewe, na majina yakajitokeza moja baada ya jingine, wote wakiwa palepale walipoandikwa. Tulianza kupiga simu, yeye kwa simu yake, mimi kwa yangu. Wengine walikuwa mashambani, wengine hawakupokea. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliacha darasa lake na kuja. Akaja mama anayeuza mafuta kwenye chupa kando ya barabara, na dereva wa pikipiki aliyemleta akauliza, "Na miye munaweza kunipima?"

Mwalimu alikuwa amelala kitandani, mkono umefungwa mpira, wakati AG aliposimama mlangoni. Akawatazama watu waliojaa chumbani. "Nani aliita hawa?" akauliza.

"Miye," akasema Maman Afoyo.

"Base inasema hatuna B. Kama iko na ajali, nani atajibu? Watu hawa hawako mu système."

"Wako mu feuille. Na nimewapima tena sasa hivi."

"Maman, funga hii mambo. Tutaongea mu bureau."

"Sifunge."

Ndipo sauti yake ilipopanda, na wanawake uani wakaacha kukoroga vyungu. "Monsieur l'AG, huyu mwalimu damu yake iko B. Ilikuwa B mbele base haijafika, na itabaki B siku base itakufa. Uweke cachet, uweke saini, haitageuka. Weye unataka chumba, unaweza kuchukua chumba. Lakini leo kuna mwanamuke iko nakufa ku ile kitanda ya maternité, na siye hatufunge."

AG akanigeukia mimi. "Na weye?"

"Mimi pia sifungi," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Mwalimu akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Patron," akasema, "mkono wangu imeisha kufungwa. Munaweza kugombana kisha."

AG aliondoka. Damu ikachukuliwa, ikapimwa magonjwa, ikapelekwa. Tulikaa tukisubiri habari. Jioni mkunga alipita dirishani akasema Justine ameomba maji ya kunywa, halafu ameuliza mtoto yuko wapi. Maman Afoyo akavua glavu, akakaa kwenye kiti, akafunika uso kwa mikono miwili. Mume wa Justine alikuja kusimama mlangoni. Alimshika mwalimu mkono, akamshika mama wa mafuta mkono, akatushika sisi, akarudi kuanza tena kwa mwalimu.

Kesho yake tulitengeneza base, mchana, na mlango tuliuacha wazi. Hatukuwa wezi. Nilidhani inatosha kuiambia feuille kwamba safu ya groupe ni ya maneno. Nikafanya hivyo, nikafungua fomu, alama za kosa zikabaki zinanitazama. Nikafunga mashine nikaiwasha tena. Vilevile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sifuri zilizoandikwa zamani hubaki hesabu mpaka ziandikwe upya, na kwamba kiungo chenyewe kilikuwa kimekariri uamuzi wake wa kwanza na hakikuwa tayari kuusahau. Maman Afoyo akakaa karibu yangu, tukabadili kila sifuri kuwa herufi O, huku yeye akilinganisha na kadi za watoaji zilizotunzwa labo. Kisha nikakifuta kiungo kabisa na kukijenga upya. Mwisho nikaigusa ripoti: nikaondoa ile amri ya kuruka mistari yenye kosa, ili siku nyingine kitu kikiharibika karatasi itoke mbaya na mtu aone. Nilipofungua fomu ya mwalimu, kisanduku kilisema B. Maman Afoyo akakisoma kwa sauti, "B," kama mtu anayeitikia jina lake mwenyewe.

AG hakuchelewa kutuandikia demande d'explication, ile barua ya ofisi inayokudai ujieleze kwa maandishi. Nani alikupa ruhusa ya kugeuza habari za hospitali? Aliniita pia ofisini, akafunga mlango, akanisogezea karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba mimi, kwa kukosa uzoefu, ndiye niliyeharibu feuille, na ndiye niliyeitengeneza. "Saini hii, mambo inaisha," akasema kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake. "Mukataba yako itaendelea. Uko kijana. Hakuna mutu atakumbuka." Nilijua Maman Afoyo yuko upande wa pili wa triplex na anasikia kila neno. Nilihitaji kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamwambia, "Feuille ilipangwa kwa amri yako, na mimi nilikuambia kosa liko wapi. Nitaandika hivyo." Nikaandika hivyo, na nakala nikampelekea daktari mkuu kwa mkono wangu. Maman Afoyo aliandika yake, fupi kuliko yangu: alimpa damu mgonjwa aliyehitaji damu, na angefanya tena.

Kilichofuata sikipambi. Daktari mkuu alisoma barua zetu, karatasi ya mapokezi ikabanduliwa, na banki ikabaki na chumba chake. AG naye alibaki na ofisi yake. Maman Afoyo alihamishiwa kituo kidogo cha afya njia ya Iga Barrière, ikaitwa mahitaji ya kazi, na ilichukua muda mrefu kabla hajarudishwa. Mkataba wangu ulipoisha haukufanywa upya. Watu waliniambia ningekuwa na hekima, ningesaini, ningelinda kazi yangu. Bado wapo wanaoniambia hivyo, kwa nia njema. Nawajibu kwamba nilikuwa na hekima.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, nilirudi hospitalini. Msichana aliyechukua nafasi yangu alikuwa mezani pangu, fomu mpya imefunguka mbele yake, na AG alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake. Aliponiona alikunja uso. "Unatafuta nini huku?" akauliza. "Mukataba yako ilikwisha."

"Sikuja kwa mkataba," nikasema. "Nimekuja kutoa damu."

Hakuwa na amri ya kuzuia jambo hilo, na tulijua sote wawili. Msichana alitutazama kwa zamu, halafu akaniuliza jina, nikalitaja. Akauliza groupe.

"A," nikasema. "Andika A."

Akaandika. Nikakunja mkono wa blauzi, nikalala kitandani, nikamtazama AG machoni wakati sindano ikiingia, nikaendelea kumtazama mpaka yeye ndiye aliyeondoka.